Mguu wa Baridi na Mikono ya Mama

Kama una mtu wako wodini, mguu wake umepondwa na daktari amekuambia "tusubiri," haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kusubiri huko nakujua. Nilianza kusubiri wakati wa kipupwe, nikamaliza mvua za kwanza zilipoanguka. Sitakueleza habari za mishipa, maana hata nilipoelezwa sikuambulia zaidi ya hili: damu ilikuwa na njia zake za kushuka mguuni, njia zikaharibika, nasi tukakaa kungoja itafute njia nyingine.

Naitwa Nyamizi. Kwetu ni upande wa Puge, katika nyumba ambazo sasa ni mahame, hakuna kitu ila mikonge na vigae vya vyungu. Wakati ule nilikuwa na mume, mapacha wawili waliokuwa wanaanza kutembea, Kulwa na Doto, na miguu mizuri. Msinicheke. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi na mzigo begani, na katika ukoo wetu mtu husifiwa miguu kwanza, sura baadaye. Mume wangu alipoleta posa, wajomba walimwambia, "Huyu hatakuchelewesha njiani."

Tulikuwa tunahamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara kuu. Watu walibomoa nyumba zao kwa mikono yao, kwa sababu miti mizuri ya paa haiachwi nyuma. Tulikuwa tunapakia miti yetu kwenye lori, mimi nikiwa chini nasukuma, kamba ikalegea. Miti ikashuka yote pamoja. Nilipovutwa kutoka chini yake, mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulikuwa umebonyea na kugeuka rangi, lakini mfupa ulikuwa mzima. Hicho ndicho kilichotudanganya. Wanaume waliupapasa wakasema, "Haujavunjika, mshukuruni Mungu," wakaufunga kwa kamba za magome ili uvimbe usipande. Walikaza sana. Sisi tunafunga kila kitu kwa kamba za magome, mizinga ya nyuki, paa, matita ya kuni, na tukifunga tunakaza.

Usiku sikulala, na asubuhi wayo wangu ulikuwa mweupe. Lori lilelile lilinibeba mpaka Tabora, mimi juu ya miti ya nyumba yangu. Daktari alikata zile kamba kwa mkasi, akabonyeza ukucha wa kidole gumba, akaangalia. Akabonyeza tena. Ukucha ulikuwa mweupe kabla hajabonyeza na ukabaki mweupe.

"Mguu umevimba kwa ndani mpaka umejinyonga wenyewe," akasema. "Lazima niupasue ili nyama ipumue. Baadaye tutajua kama unabaki."

Niliposikia "kama," nilishika aproni ya sista nikaililia kama mtoto. Sioni aibu kusema. Wewe ukifika hapo, lia.

Waliupasua pande mbili, wakauacha wazi. Juu yake waliweka tao la waya ili blanketi lisiguse. Kila asubuhi daktari alikuja, akainua blanketi, akabonyeza ukucha na kungoja wekundu urudi. Wodi nzima iligeuka kutazama akibonyeza. Kuna siku wekundu ulirudi polepole sana, kama mtu anayeitwa na hataki, na kuna siku haukurudi kabisa. Mguu wenyewe ulikuwa wa baridi kama mtungi. Haukuniuma. Nilitamani uniume.

Kitanda cha jirani alilala mke wa mfanyakazi wa reli, Mgogo, tukimwita Mama Ndahani. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi za behewa na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi, aliinuka akakaa, macho yakamng'aa.

"Kumbe mtani wangu! Babu zenu walipita kwetu na mizigo yao, wakanywa visima vyetu vyote wasilipe. Sasa Mungu amekuleta."

"Mlikuwa na visima nyie?" nikasema. "Babu alisema mlikuwa mnachota tope."

"Sikia mla michembe huyu, viazi vilivyokaushwa! Huo mguu wakiukata ni wangu. Mtani ndiye anayezika. Nitauzika kwa heshima zote, na ndugu zako watanipa kuku."

Sista mmoja mgeni alishangaa, akataka kumkaripia. Wagonjwa wengine wakamwambia aache, hao ni watani. Utani wetu na Wagogo ni wa tangu enzi za misafara, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ndugu zangu walipokuja walizungumza habari za karanga na za mvua. Ni Mama Ndahani peke yake aliyelitaja lile lililokuwa limelala pamoja nami kitandani.

Mume wangu alikuja mara moja tu mwanzoni, kwa sababu alikuwa anajenga nyumba yetu mpya na wenzake walikuwa wanajenga kwa zamu. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Mama Kulwa," akasema, "wakikata, utalimaje?"

"Nitalima kwa mikono, Baba Kulwa. Wewe hulima kwa miguu?"

Alicheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulitoka hivyo. Nawaambia wenye wagonjwa: swali hilo mwulize daktari, msimwulize mgonjwa.

Kisha akaja mama.

Lazima mjue mama alikuwa nani. Katika kijiji chetu cha zamani, mama yangu ndiye aliyekuwa akikanda. Mwanamke akijifungua, anaitwa mama na chungu chake cha maji ya moto. Mzee akiumwa kiuno, anaitwa mama. Mtu akianguka mtini, mama. Baada ya kuwazaa mapacha, mimi mwenyewe alinikanda kila siku mpaka nikanyooka, nikipiga kelele na yeye akinicheka. "Lia, lia, maji ndiyo yanafanya kazi." Mikono yake ilikuwa imezoea moto kiasi kwamba aliweza kushika kaa na kulihamisha. Ukiniuliza mapenzi ya mama yanakaa wapi, kwangu yanakaa kwenye kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa, na mvuke wake usoni.

Nyuma ya wodi palikuwa na banda ambamo ndugu za wagonjwa walipika. Mama alilala huko na mapacha. Siku ya kwanza alinisalimu, "Wangaluka, mwanangu," akaingiza mkono chini ya lile tao la waya, akaugusa mguu, akautoa haraka.

"Mbona wa baridi hivi? Hawakukandi?"

"Hawakandi, mayu," nikasema, maana kwetu mama ni mayu. "Wanabonyeza kucha tu."

Nikaona uso wake ukibadilika. Alidhani watu hawa wamesoma lakini hawana huruma. Hakuna aliyemwambia kwa nini mguu huo haukandwi, wala mimi sikuambiwa. Jioni, masista walipokuwa wanabadilishana zamu, aliingia na beseni chini ya kanga. Maji ya moto, chumvi, na majani aliyoyachuma mwenyewe. Hakugusa pale palipopasuliwa. Alijua kuheshimu kidonda. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakizungusha kwenye wayo na vidole. Mvuke ukanipanda usoni. Nilifumba macho. Nilikuwa nyumbani, kwenye nyumba yetu ya zamani, mlango umefungwa na mapacha wamelala.

"Ni ya moto sana?" akauliza.

"Sisikii kitu, mayu. Ongeza."

Akaongeza. Aliuliza tena, nikamjibu vilevile, akaongeza tena. Tulikuwa na furaha, sisi wawili. Nilisema nadhani unaanza kupata rangi. Na kweli ulikuwa unapata rangi. Alipoinua kitambaa mara ya mwisho, ngozi ya juu ya wayo ilibaki kwenye kitambaa.

Sista aliyeingia zamu alipiga kelele: "Mama! Umemuunguza mtoto wako!" Wodi yote ilisikia. Mama alikuwa ameshika kitambaa kile, anakitazama, hakukiachia. Daktari alipokuja hakugomba. Alisema mguu usio na damu ya kutosha hauwezi kuvumilia moto, na usiosikia hauwezi kuonya. Maneno hayo yangefaa kubandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Kwa kuwa hayakubandikwa, nayaandika hapa: mguu uliopondwa ukiwa wa baridi, msiukande. Hata karibu na moto msiusogeze. Mwiteni mtu.

Kulipokucha mama alikuwa ameondoka na watoto. Hakuniaga. Banda lilikuwa limefagiwa.

Baada ya hapo mguu ulianza kwenda vibaya. Vidole viwili vya mwisho vikawa vyeusi, na weusi ukawa unapanda. Daktari alichora mstari kwa dawa ya zambarau katikati ya wayo. "Ukivuka hapa, nakata chini ya goti. Usipovuka, tunasubiri." Sasa wodi ikawa na kitu kipya cha kutazama asubuhi. Mama Ndahani alijivuta na plasta yake, akachungulia.

"Bado haujavuka," akatangaza. "Adui yuko Manyoni. Hajafika Tabora."

Nilicheka, halafu nikageukia ukutani. Nilimtaka mama. Nilikuwa mama wa watoto wawili na nilimtaka mama yangu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sikumtaka aje kuomba msamaha. Nilitaka aje akae tu, ninuse moshi wa kanga yake. Kila mlango ulipolia wakati wa kutazama wagonjwa, nilianza kutazama miguu ya wanaoingia, kwa kuwa mama alitembea kwa kuburuta kidogo kisigino, na ningemjua kabla ya kumwona uso. Waliingia wenye viatu na wasio na viatu. Kipupwe kikaisha, vumbi likaja, na upepo ukaanza kuleta majani makavu mpaka chini ya vitanda. Hakuja.

Mume wangu alikuja tena. "Nimemwambia mara nyingi," akasema. "Hakandi mtu tena. Wanawake wa kijiji kipya wamejifungua, wamemwita, amekataa. Anasema mikono yake imekwisha."

Mstari haukuvukwa. Weusi ulikaribia, ukasimama, ukakauka. Siku moja daktari alibonyeza ukucha wa kidole gumba, na kabla hajahesabu lolote wekundu ukarudi. Akabonyeza tena, ukarudi tena. Akasema, "Imepata njia," akaenda kitanda kingine, kama mtu aliyesema kuna mawingu. Mimi nilibaki na blanketi mdomoni. Vile vidole viwili vikaondolewa, mguu ukabaki.

Mama Ndahani alidai vidole vyake. Msidhani ni mzaha wa kupita. Alimfuata sista mkuu, mwanamke wa Tabora mjini aliyekulia katika mila hizi, akaeleza haki yake. Sijui walielewana vipi. Najua tu kwamba mchana ule alirudi na udongo kwenye kucha za mkono wa kushoto, akakaa kwenye kitanda changu.

"Nimevizika nyuma ya banda la kupikia, mahali pazuri, pana kivuli. Sasa nadai kuku wangu. Mfiwa mkubwa ni nani?"

"Mama yangu," nikasema. Na hapo nikautazama mlango.

Naye akautazama. "Haya," akasema.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali, mkono bado ukiwa umening'inia kwenye kitambaa, hakwenda moja kwa moja kwa mumewe. Alipanda lori la kuelekea Puge. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, yeye na mama, na kila mmoja alijisifu. Aliulizia nyumba ya mama, akaikuta, akajilaza kizingitini chali, kama watani wanavyojilaza njiani kuzuia jeneza.

"Nyumba hii ina msiba na haijalipa! Nimezika ndugu zenu wawili huko Tabora, nina njaa, nina kiu, na huyu mama amejificha ndani. Mpishi gani huyu? Amempika mtoto wake, akamwacha nusu mbichi!"

Majirani walikusanyika. Kwa miezi ile yote hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele ya mama. Walikuwa wakinyamaza akipita. Mama alisimama mlangoni. Kukasirika hakuruhusiwi. Mume wangu alisema mdomo wake ulitetemeka, wakadhani atalia, kumbe kicheko ndicho kilichotoka, na machozi yakafuata nyuma yake. Akaenda kumkamata kuku.

"Jogoo," Mama Ndahani akasema akiwa bado chini. "Na mimi mkono wangu ni mbovu, siwezi kubeba. Mfiwa anambeba mpaka mlangoni kwangu. Ndiyo desturi."

Sina hakika kama ndiyo desturi. Lakini mama alimbeba jogoo yule mpaka Tabora, na njia ya kwenda nyumba za reli, kwa maelezo ya Mama Ndahani, ilipita hospitali.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha asubuhi ile, harufu ya udongo imejaa wodini. Nilisikia kisigino kikiburuzwa. Mama aliingia na jogoo kwapani, amemzungushia kanga, na nyuma yake yule Mgogo akisema kwa sauti, "Dakika moja tu, mpe mgonjwa salamu tuondoke." Sista alikuwa anataka kusema habari ya jogoo, akaacha.

"Wangaluka, mayu," nikasema.

Mama Ndahani alimpokea jogoo kwa ule mkono mzima, na mikono ya mama ilipobaki mitupu, aliificha ndani ya kanga. Nikainua blanketi. Mguu ulikuwa si mguu wa kuposewa tena: mwembamba, makovu mawili marefu, ngozi ya juu ya wayo inang'aa kama ya mtoto mchanga, vidole vitatu.

"Uguse," nikamwambia.

"Mikono hii?"

"Hiyohiyo."

Sista mkuu ndiye aliyekuja akachukua kiganja cha mama, kikavu, bila maji, bila dawa. Akamwonyesha kile masista walichokuwa wakifanya kila siku: kiganja kimoja mguu huu, kingine mguu ule, unyamaze usikilize ni upi wenye baridi zaidi. "Nyumbani atahitaji mtu wa kumfanyia hivi kila jioni," akasema. "Maji ya moto hapana. Viganja tu."

Mama aliweka viganja. Alisikiliza muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama alivyokuwa akisikiliza matumbo ya waja wazito.

"Huu una baridi kidogo," akasema. "Kidogo tu." Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Unasikia?"

Juu ya wayo sikusikia kitu, na mpaka leo sisikii. Lakini pembeni ya kisigino, mahali padogo panapoweza kufunikwa na jani la mharage, palikuwa na uzito. Haukuwa joto wala baridi, ulikuwa uzito tu wa mkono wa mtu.

"Nasikia," nikasema.

Akasukuma kiganja kidogo. "Na hapa?"

"Hapo hapana. Rudi. Hapo."

Nilirudi kwenye kijiji kipya kwa fimbo, katikati ya mvua, nikaona nyumba yangu iliyojengwa kwa miti ileile iliyoniangukia. Nililima, ingawa polepole, na mume wangu aliacha kuuliza. Sikuwahi kutembea tena mpaka kwenye mahame yetu. Ni mbali kwa mguu huu, na napakumbuka zaidi kwa kuwa sipafikii. Mama alianza kuitwa tena kukanda, akaenda, lakini kila mara alitia kwanza kiwiko majini, kisha akamwambia mgonjwa atie mkono wake mwenyewe. Jioni alikuja kwangu na viganja vyake vikavu, mpaka alipozeeka na kushindwa kuja, nikawa naenda mimi kwake.

Amekwisha kufa sasa. Mama Ndahani alikuja kumzika, mzee, ana mkongojo, akalala njiani kama kawaida yake akadai kuku, na hakuna aliyelia kuliko yeye.

Wewe unayesubiri kwenye benchi, mguu wa mgonjwa wako utakuwa na majira yake hata baada ya kupona. Wangu, kipupwe kikiingia, hubadilika rangi ukawa kama bilinganya, na baridi hunishika hapo hapo penye kisigino kabla haijanishika kokote. Doto amenishonea soksi nzito. Nazivaa mchana. Jioni navua, nakaa kitandani, naweka viganja vyangu viwili, kimoja huku na kimoja kule, naviacha vitulie. Najiuliza kwa sauti, kwa maana nyumba haina mtu, "Unasikia?" Na ninajijibu kama nilivyojibu siku ile: nasikia, mayu. Rudi. Hapo.